Chupa Iliyoandikwa Dawa

Mwanamke aliyeingia dukani asubuhi ile hakuwa mteja wa mtaa ule. Tepu ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, mguu mmoja una kandambili ya bluu, mwingine ya kijani, na kifuani amekumbatia mkoba kama mtu aliyebeba mayai. Watu wanne walikuwa kwenye foleni. Aliwapita wote bila hata samahani, akauweka mkoba juu ya kaunta, kati ya mizani na ndoo ya chumvi ya ng'ombe, akafungua zipu.

"Mtoeni," alisema. "Hii dawa yenu, mtoeni mwilini."

Ndani ya mkoba mlikuwa na paka wa rangi ya majivu. Manyoya yake yalikuwa yamelowa na kushikana mafungu mafungu, kama brashi ambayo mpaka rangi amesahau kuiosha. Masikio yalikuwa yanacheza. Ngozi ya mgongo ilikuwa inacheza. Kisha mwili mzima ukashtuka, ukatulia kidogo, ukashtuka tena, na povu jembamba likamtoka mdomoni.

Foleni ikarudi nyuma hatua moja.

Msichana wa kaunta aliinamisha kichwa, akanusa. Harufu ile aliijua. Ilikuwa kwenye mikono yake mwenyewe kila jioni, hata baada ya kunawa mara tatu.

Pale dukani aliitwa Mtaalamu. Jina alipewa na mjomba wake, mwenye duka, siku ya kwanza alipofika na cheti chake cha afya ya wanyama ndani ya bahasha ya plastiki. Mjomba alikisoma juu chini, akacheka, akasema, "Haya, Mtaalamu, shika ufagio." Jina likamganda. Sasa hata fundi wa pancha wa jirani alimwita hivyo, na Mtaalamu mwenyewe aliitika, kwa sababu ndani ya mzaha ule kulikuwa na kitu alichokitaka kiwe kweli.

"Umempaka nini, dada?"

Mwanamke yule, fundi wa nguo, akatoa chupa mfukoni. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia, ya zile za dawa ya kikohozi, na ubavuni imebandikwa karatasi yenye maneno matatu: DAWA YA VIROBOTO.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Nilimpaka nusu, nikamsugua vizuri mpaka tumboni. Baada ya muda akaanza kutetemeka. Nikajua dawa imemkolea, inapigana na viroboto. Basi nikaona nisimwache njiani." Akaipindua chupa tupu. "Nikammalizia na nusu iliyobaki."

"Ulimmalizia?"

"Si ni dawa! Wewe ukimeza kidonge ukatoka jasho, si unajua kinafanya kazi?"

Mtaalamu alikuwa anakumbuka Jumatano. Siku ile ilikuwa siku ya chanjo ya kuku, foleni imefika hadi kwa fundi wa pancha, na mwanamke mwenye mwavuli alisema, "Chupa tatu za viroboto." Yeye akageuka, akachukua chupa tatu rafuni, akampa. Hakumwuliza ni za mnyama gani. Chuoni walifundishwa kwamba hilo ndilo swali la kwanza, kabla hata ya habari za asubuhi. Lakini Mjomba alikuwa amemkanya zaidi ya mara moja: "Mteja hahojiwi kama yuko kituo cha polisi. Kataja anachotaka, mpe, wa nyuma asogee." Ile siku Mjomba hakuwepo hata kumkanya. Alijikanya mwenyewe.

"Ni wewe uliyekuja kununua?"

"Wifi yangu. Ana mwavuli mwekundu."

"Nifuate uani," Mtaalamu alisema, na kwa waliokuwa kwenye foleni, "Nisubirini, jamani, tafadhali."

"Tusubiri paka?" mzee mmoja aliuliza.

Uani kulikuwa na karo la saruji la kuoshea mitungi. Mtaalamu alichanganya maji ya birika na ya bomba ndani ya beseni, akayapima kwa kiwiko, yawe vuguvugu kama ya mtoto mchanga. Akavaa glovu, akamimina sabuni ya vyombo. Paka alipoguswa na maji aliruka kama aliyeguswa na waya wa umeme, akamkwaruza kifundo cha mkono.

"Anaitwa nani?"

"Bobini." Fundi alijifuta pua kwa ncha ya tepu. "Alikuwa mdogo hivi, analala ndani ya sanduku la nyuzi."

"Mshike hapa shingoni. Bobini, tulia, baba. Tunakutoa hiyo kitu."

Fundi wa pancha, ambaye hakuwahi kukosa jambo lisilomhusu, alichungulia juu ya ukuta na mkono wake umeshika tairi la baiskeli.

"Mtaalamu! Amekula sumu huyo. Mpe maziwa!"

"Hajala. Amepakwa."

"Basi mpake maziwa!"

"Pancha, tafadhali."

"Au yai bichi. Mbwa wa shemeji yangu alipewa yai bichi, akapona saa ile ile."

"Anatetemeka, hawezi kumeza! Ukimmiminia kitu mdomoni kitaingia mapafuni. Umenielewa? Usimpe kitu!"

Pancha akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa akinyimwa maji. "Hawa waliosoma," aliliambia tairi.

Walimwosha Bobini mara tatu. Povu la sabuni lilitoka la kijivu, kisha la rangi ya maziwa, kisha jeupe. Mtaalamu alimkausha kwa taulo, akamfunga na kanga ya fundi ili asipoteze joto, akamweka ndani ya boksi la katoni kwenye kona yenye giza ya stoo, mbali na kelele. Kutetemeka kulipungua kwa dakika mbili, halafu kukarudi kwa nguvu mpya, miguu minne yote ikipiga katoni kama mvua ya mawe.

"Mbona haachi?" Fundi alinong'ona. "Tumeiosha yote."

"Ya juu tumeiosha. Iliyokwisha kuingia inahitaji sindano ya kulegeza misuli. Mimi sina. Anayo daktari."

Daktari wa mifugo alipokea simu baada ya kupigiwa mara ya sita. Nyuma yake ng'ombe alikuwa analia.

"Nani? Nani yuko hatarini?"

"Paka, daktari. Amepakwa dawa, anatetemeka mwili mzima."

Kicheko kifupi. "Binti, nina ng'ombe hapa ndama amekwama, miguu ya nyuma imetangulia. Unanipigia kwa ajili ya paka? Paka wanaokotwa, mwambie mwenyewe aokote mwingine."

Fundi alikuwa amesimama karibu, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Mtaalamu aliona maneno yale yakimwingia usoni. Akageukia ukuta, akaubana mdomo kwenye simu.

"Daktari, chuoni ulikuja kutufundisha wiki mbili. Ulituambia mgonjwa hachaguliwi kwa ukubwa. Nililiandika hilo neno."

Ng'ombe alilia tena. Daktari akavuta pumzi. "Amepakwa dawa gani?"

"Ya viroboto."

"Hilo si jina. Ndani mna nini? Maana ziko za aina mbili tatu, na kila moja ina sindano yake. Nikichoma ya aina nyingine namuua mimi. Soma lebo."

"Haina lebo."

"Dawa isiyo na lebo? Hiyo mmenunua wapi?"

Mtaalamu alihisi uso unamwaka. "Nitakupigia," alisema.

Mjomba alikuwa ameshaingia. Alikuta foleni imeyeyuka, kaunta haina mtu, na mchirizi wa maji ya sabuni unatoka uani hadi kwenye magunia ya pumba. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kucheka, na akikasirika alizidi kuongea polepole.

"Mtaalamu. Nimeibiwa au umehama?"

"Mjomba, chupa za viroboto zimetoka kwenye dumu gani?"

"Dumu la dawa ya viroboto."

"Ndani yake mna nini?"

"Mna dawa."

"Dawa gani, Mjomba?"

"Ya viroboto! Unataka niseme kwa lugha gani?"

Mtaalamu alishika kichwa. Alitamani kulikamata neno lile moja na kulitikisa mpaka lidondoshe kilichomo. Dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya viatu, zote dawa. Chupa ikishaandikwa hivyo, mtu anaimimina kwa moyo mweupe na kuomba Mungu ifanye kazi.

"Kuna paka anakufa stoo," alisema. "Daktari anataka jina."

Mjomba alichungulia stoo, akamwona fundi amepiga magoti kando ya boksi. Uso wake ukalegea kidogo, maana hakuwa mtu katili. Kisha akakumbuka duka lake, na uso ukakaza tena.

"Pole, mama," alimwambia fundi. "Umemzidishia. Kila kitu kikizidi kina madhara, hata maji." Na kwa Mtaalamu, pembeni, polepole, "Usitaje duka hili kwa daktari. Anakunywa chai na watu wa ukaguzi."

"Dumu liko wapi?"

"Nyuma ya magunia. Lebo ilitoka zamani, nililiosha."

Mtaalamu alisukuma magunia peke yake. Dumu la lita ishirini, jeupe, safi, halina hata herufi. Alikaa chini kwenye vumbi la pumba, akataka kulia, akaona haya kulia mbele ya mwenye paka. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia msumari ukutani, ambapo Mjomba alitundika makaratasi ya kufungia mbegu za nyanya. Makaratasi yale yalikuwa membamba, yamekunjwa mara nyingi, yana maandishi madogo kama siafu. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga mbegu kwa makaratasi yale miezi mitano bila kugeuza hata moja.

Aligeuza la kwanza. La dawa ya minyoo. La pili, la chanjo. La saba lilikuwa na picha ya ng'ombe, na juu yake jina refu la kiwandani lililoanza na "saipa", na chini, Kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Na chini kabisa, ndani ya kisanduku cheusi: Usitumie kwa paka.

Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Mjomba alikuwa anaijaza chupa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, bila tone la maji.

"Mjomba," aliita, akimwinulia karatasi. "Ni hii?"

Mjomba aliitazama karatasi, akaisogeza kwenye mwanga. "Mbwa wangu mwenyewe nampaka hiyo," alisema. "Miaka sita. Hajawahi hata kupiga chafya."

"Mbwa ana ini la kuvunja hii sumu. Paka hana. Tone analolibeba mbwa linamwangusha paka."

"Usiite sumu dukani kwangu."

"Viroboto wanakufa kwa nini basi? Kwa upendo?"

Aliposikia alichokisema alijishangaa, maana hakuwahi kumjibu Mjomba hivyo. Lakini alikuwa ameshabonyeza simu, na alipomsomea daktari jina lile refu, herufi kwa herufi, daktari alisema tu, "Afadhali. Hiyo ninayo. Mweke gizani, mpashe joto, asiguswe. Ndama akitoka nakuja."

Ndama alichukua saa tatu kutoka.

Saa tatu zile zilikuwa ndefu. Wateja walikuja na kuondoka, Mjomba akiwahudumia mwenyewe na kucheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Stoo, Mtaalamu na fundi walikaa chini, migongo kwenye magunia, wakihesabu pumzi za Bobini. Kila paka alipokakamaa, fundi alishika mkono wa Mtaalamu, na kila alipolegea aliuachia.

"Sema kweli," fundi alisema. "Nimemuua mimi?"

"Hapana, dada. Ni mimi niliyempa wifi yako chupa. Sikumwuliza."

Fundi alimtazama. Mtaalamu alisubiri tusi, akiona lingekuwa nafuu. Fundi hakutukana. Alipauka ghafla, kama aliyekumbuka jiko ameliacha linawaka.

"Chupa zilikuwa tatu," alisema.

"Eeh?"

"Wifi alinunua tatu. Moja yangu. Moja ya Mama Pacha, ana paka na vitoto vinne. Nyingine ya Mwalimu mstaafu wa chumba cha mwisho. Kesho ni Jumamosi, ndiyo siku yetu ya kufua pale nyumbani. Wamesema wakimaliza nguo wanaosha na paka, kila mmoja na chupa yake."

"Wapigie sasa hivi!"

Fundi alimpigia wifi. Simu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mama Pacha, na sauti yake ilijaa stoo nzima. "Aka! Umemwagia paka chupa nzima halafu unataka sisi tuogope? Mimi nina kipimo changu, nina mikono miepesi. Pole na paka wako." Simu ikakatwa.

"Tuligombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia," fundi alieleza kwa unyonge. "Miezi miwili sasa. Nikisema jua linawaka, yeye anachukua mwavuli. Na Mwalimu humwambii kitu mpaka umpe ushahidi. Kwao mimi ni fundi tu niliyechanganyikiwa kwa ajili ya paka. Lakini wewe ni mtu wa duka. Wewe ndiwe mwenye dawa. Ukija mwenyewe watasikia."

"Nitakuja."

"Kesho kabla ya saa mbili? Mama Pacha anaanza mapema."

"Kabla ya saa mbili. Nakuahidi."

Daktari alifika saa nane na nusu, viatu vya mpira vimejaa matope na ute wa ndama, analalamika tangu mlangoni. Alilalamikia barabara, ng'ombe, vijana wa siku hizi. Lakini mikono yake, ilipoingia ndani ya boksi, ilikuwa mipole kuliko maneno yake. Alipima, akavuta sindano ndogo sana, akachoma taratibu, akangoja macho kwenye saa ya mkononi. Baada ya robo saa miguu ya Bobini iliacha kupiga katoni. Baada ya nusu saa alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Ataishi?" fundi aliuliza.

"Usiku huu akipita, ndiyo. Maji ya kunywa akitaka mwenyewe. Na usimpake tena hata marashi." Akamgeukia Mtaalamu. "Nani amemwosha?"

"Mimi, daktari."

"Kwa maji ya moto?"

"Vuguvugu. Sabuni ya vyombo. Mara tatu."

"Hm," alisema daktari, na hilo "hm" lingeweza kumlisha Mtaalamu wiki nzima kama siku ile ingeishia pale. Haikuishia. Daktari alitazama magunia, dumu jeupe, chupa za kahawia rafuni, akakunja uso, lakini Mjomba alikuwa ameshamletea kiti na soda, akimwita mheshimiwa. Mheshimiwa akanywa soda yake, akasema, "Bandikeni lebo, jamani," kama mtu anayesema "fungeni mlango kuna baridi," akaondoka na matope yake.

Jioni, wakati wa kufunga, Mtaalamu alimwambia Mjomba kuhusu chupa mbili.

"Nitachelewa kesho. Nitapita kwa fundi kwanza, niwaambie majirani zake."

Mjomba alikuwa anapanga chupa. Aliendelea kupanga. "Utawaambia nini?"

"Kwamba ile si ya paka. Kwamba wairudishe."

"Na wakiuliza nani kawauzia?"

"Sisi."

"Sisi." Mjomba aliweka chupa ya mwisho, akaigeuza karatasi yake itazame mbele. "Mpwa wangu, nisikilize vizuri. Huyu fundi yuko peke yake, paka wake amepona, ameondoka na shukrani. Yamekwisha. Wewe unataka uende kwenye nyumba ya vyumba kumi, siku ya kufua, watu wote wako nje, useme duka la fulani linauza sumu. Kesho kutwa mtaa mzima unajua. Unajua nimelijenga hili duka kwa miaka mingapi?"

"Basi twende wote, Mjomba. Useme wewe mwenyewe. Watu watakuheshimu zaidi. Tutabandika lebo, tutauliza wateja, mimi nitaandika zote usiku huu, hata mia!"

Alisema hivyo kwa matumaini ya kweli. Aliiona picha nzima: Mjomba amesimama kati ya kamba za nguo, anawaeleza watu, watu wanaitikia. Mjomba alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza kwa nini mwezi unamfuata.

"Ukienda," alisema polepole sana, "funguo niachie mezani. Na ile fomu yako, tafuta mwingine wa kuisaini."

Fomu ilikuwa ya mazoezi ya kazi. Miezi sita, saini ya mwenye duka, na baada ya hapo ndipo angeweza kuandikishwa na kufanya kazi kwa jina lake. Alikuwa na miezi mitano na wiki mbili. Duka jingine lingeanza kuhesabu upya, kama lingekuwepo jingine la kumpokea.

Kabla hajafika nyumbani, mama yake alikuwa ameshapigiwa simu na Mjomba.

"Mwanangu, wiki mbili tu," mama alisema. "Funga mdomo wiki mbili, chukua saini yako, halafu uhubiri unavyotaka."

"Mama, vitoto vya paka vitaogeshwa kesho asubuhi."

"Paka!" Mama akashusha pumzi ndefu. "Nilimbembeleza mdogo wangu nusu mwaka akupe nafasi. Usinifanye nishindwe kumtazama usoni kwa ajili ya paka wa watu."

"Nimeahidi, mama."

"Umemwahidi mtu humjui hata jina."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaalamu alilala na hasira isiyo na pa kwenda. Alimkasirikia Mjomba, na daktari na soda yake, na mama, ambaye hakuwa amekosea hesabu. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa yale makaratasi ya mbegu. Alijaribu kuamini kwamba Mama Pacha kweli ana mikono miepesi, kwamba Mwalimu atasahau. Halikukubali kuaminika.

Asubuhi alipita dukani kwanza. Mjomba alikuwa anafungua mlango wa bati. Mtaalamu aliweka funguo juu ya kaunta, kando ya mizani, kwa upole, zisitoe sauti. Mjomba hakugeuka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," Mjomba aliuambia ule mlango.

Nyumba ya akina fundi ilikuwa na ua mmoja mrefu, vyumba vitano kila upande, na kamba za nguo zimekatiza kila pahali hata ikabidi atembee ameinama chini ya mashuka. Fundi alisimama mlangoni kwake amembeba Bobini mzima ndani ya ile kanga, akamwonyesha Mtaalamu kwa kidevu. Katikati ya ua, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa amechutama mbele ya beseni. Paka mweupe alikuwa amefungwa kamba mguuni. Vitoto vinne vilikuwa ndani ya ndoo kavu, vinapandiana. Chupa ya kahawia ilikuwa mkononi mwake, kifuniko kimeshafunguliwa.

"Mama, ngoja! Usimimine!"

Mama Pacha aliinua kichwa. Ua mzima uliinua kichwa.

"Wewe ni nani uje uingilie beseni langu?"

"Natoka dukani. Hiyo ni ya kuogeshea ng'ombe, mama. Inaua paka. Kitoto kama hicho hakimalizi hata asubuhi."

"Imeandikwa dawa."

"Imeandikwa vibaya."

"Ametumwa na huyo!" Mama Pacha alielekeza mkono kwa fundi. "Kisa kamba ya nguo! Kama haifai, mbona mliiuza? Nani aliiuza?"

Mtaalamu aliona watu wameacha kukamua nguo. Maji yalikuwa yanadondoka mikononi mwao. Alitoa ile karatasi yenye kisanduku cheusi, akaikunjua.

"Mimi," alisema. "Alikuja wifi yake Jumatano, nikampa tatu, sikumwuliza ni za mnyama gani. Kosa ni langu. Soma hapa mwenyewe."

Mama Pacha alifuta mkono kwenye nguo, akaichukua karatasi. Alisoma midomo ikicheza. Alisoma tena. Kisha akatazama ndani ya ndoo, akakishika kimoja cha vile vitoto shingoni, akakitia kifuani, ndani ya kanga.

"Na mwenye duka anajua kwamba umekuja kusema haya?"

"Anajua."

"Akasemaje?"

"Nimemrudishia funguo."

Mama Pacha alimtazama tena, safari hii kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasonya, lakini si kwake. Akaifunga chupa kwa nguvu, akamkabidhi.

"Na viroboto je?" aliuliza. "Wanawatafuna hawa watoto wa paka."

"Chanuo la meno ya karibu, maji na sabuni, mama. Na matandiko wanayolalia uyachemshe. Ni kazi ndefu. Nikishamwona Mwalimu nitarudi nikusaidie, leo sina pa kwenda."

Aliitia chupa kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo mara mbili. Saa mbili ilikuwa bado haijagonga. Akainama chini ya shuka la mwisho, akaenda hadi kwenye mlango wa chumba cha mwisho, akabisha.